Namna ya kutunga nasaba ya wafalme ambao hawajawahi kuwepo

Wanaoanza kuandika riwaya za fantasia huniuliza karibu wote jambo moja: "Dada, wafalme wangu niwape majina gani?" Yaache majina kwanza. Anza na kifo. Mfalme amefariki usiku, habari bado haijatoka nje ya boma. Nani ana haki ya kukalia kile kiti, na nani mwingine anaamini kwa moyo wake wote kwamba haki hiyo ni yake? Ukishawapata watu wawili ambao wote wana hoja, nasaba imepatikana.

Mimi ni karani wa mzigo pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Kutwa naandika magunia ya dagaa: yaliyoshuka kutoka visiwani, yaliyopakiwa kwenda mikoani na Kongo, aliyelipa na aliyekopa. Usiku naandika Nyarusenda, ufalme wa visiwa na miamba ulio katikati ya ziwa ambalo halimo kwenye ramani yoyote, na ukoo wake wa Wasenda uliotawala vizazi kumi na viwili. Historia ya ukoo huo naitunza kwenye kaunta buku ya aina ileile ninayotumia kazini. Kila mfalme ana kurasa mbili. Kushoto naandika alichokifanya. Kulia naandika deni alilomwachia anayefuata. Ahadi ya ndoa iliyovunjwa, kisiwa kilichowekwa rehani, kaka aliyefukuzwa na watoto wake wadogo ambao miaka ishirini ijayo hawatakuwa wadogo tena. Mfalme ambaye ukurasa wake wa kulia ni mtupu namfuta, hata kama alishinda vita saba, kwa sababu hakuna kinachotoka kwake kwenda kwa mwingine.

Sheria ya urithi iandike kwa sentensi moja

Hii ndiyo kazi ya kwanza na usiiharakishe. Sheria ya urithi ndiyo inayozaa magomvi yote ya baadaye, na kila sheria ina magomvi yake. Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mifano, maana ziwa letu limezungukwa nayo.

Sehemu nyingi za Usukuma, hapo zamani, utemi ulikwenda kwa mpwa, mtoto wa dada wa mtemi, na wazee wa baraza, banang'oma, ndio waliochagua. Tafakari maana yake ndani ya nyumba moja. Mtemi anawalea wanawe, anawapenda, anawafundisha, na wote wanajua hawatarithi kiti. Kijana wa dada yake anayekuja kusalimia mara chache ndiye atakayekuja kuwaamuru. Hapo una baba anayetafuta njia ya kuwaachia wanawe ng'ombe kabla wazee hawajashtuka, na una dada ambaye neno lake ni zito kuliko la mke mkubwa.

Vuka uende Buganda. Kule watoto wa Kabaka, yaani mfalme, hufuata ukoo wa mama yao, na mtoto wa kwanza wa kiume, Kiwewa, kwa mila haruhusiwi kurithi. Matokeo yake kila ukoo una sababu ya kupeleka binti ikulu, kwa kuwa Kabaka ajaye anaweza kuwa mtoto wao. Ukiandika ufalme wa namna hiyo, harusi inakuwa na uzito wa vita.

Na Karagwe, magharibi mwa ziwa, mpelelezi Mwingereza Speke alipofika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861 alisimuliwa kisa kizuri mno. Baba yao Dagara alipofariki, ndugu watatu waliwekewa ngoma ndogo, nyepesi kama unyoya kwa macho, lakini iliyosheheni dawa. Asiye na haki asingeweza kuinyanyua. Rumanyika akainyanyua. Mwandishi wa fantasia akisoma hapo ajiulize: nani aliitia ile dawa, na usiku uliotangulia alikuwa amekaa na nani?

Sheria ya Nyarusenda ni hii: warithi ni watoto wa mfalme pamoja na watoto wa dada yake, na jiwe ndilo linalochagua. Wanaoishi Mwanza wataelewa nilikolitoa. Ukipanda Bwiru au ukitazama Igogo kutoka barabarani, unaona nyumba zimejibana kati ya majabali makubwa, na mengine yamekaa juu ya mengine kana kwamba mtu aliyapanga jana. Wafalme wangu huzikwa chini ya mawe ya namna hiyo. Siku ya arobaini warithi wanaweka viganja juu ya jiwe, na jiwe linatamka sentensi moja, mara moja tu, kisha linanyamaza milele. Wanaoweza kulisikia ni watu wa ukoo mmoja, Wasikizi.

Umeona mwanya ulipo. Jiwe halidanganyi, lakini msikizi ni binadamu mwenye njaa, wajomba na mabinti wa kuozesha. Maajabu unayoyaingiza kwenye urithi lazima yaache nafasi ya mtu kusema uongo. Upanga unaowaka moto mkononi mwa mfalme halali, mbele ya watu wote, unamaliza ubishi siku hiyohiyo, na wewe unabaki na sherehe tu ya kuandika.

Hesabu ya miaka

Kizazi kimoja kihesabu kati ya miaka 25 na 30. Vizazi vyangu kumi na viwili vinanipa kama miaka 300 hadi 360, na humo ndimo kila kitu kinapaswa kuenea. Kama kiti kinaruka kutoka kaka kwenda kaka, wafalme wanaongezeka lakini miaka haiongezeki, kwa hiyo kila mmoja anatawala muda mfupi. Kisha kagua akina mama. Waandishi wengi hukagua umri wa wafalme na kuwasahau wanawake, halafu msomaji makini anagundua malkia amejifungua mrithi akiwa na miaka 61. Mimi kila mwanamke wa ukoo ninamwekea mwaka wa kuzaliwa kabla sijamwekea mtoto.

Usigawe miaka sawasawa. Mutesa wa Kwanza wa Buganda alitawala tangu 1856 hadi 1884, miaka 28 ya mtu mmoja. Mwanawe Mwanga akapinduliwa mwaka 1888, akaingia Kiwewa, ingawa ile mila ya mtoto wa kwanza ilimkataza, akatolewa, akaingia Kalema, na mwaka 1889 Mwanga akarudi. Yote hayo ndani ya muda ambao mtoto anajifunza kutembea na kusema. Nasaba yako nayo iwe na kipindi kirefu cha utulivu ambacho wazee wanakikumbuka kwa majonzi, na mwaka mmoja ambao wafalme walipokezana hata mafundi wa ngoma wakachoka.

Na hapo kwa Mwanga nakaa kidogo, kwa sababu alikimbilia upande wetu. Alivuka ziwa, akafikia Magu, kisha akapata hifadhi kwa mapadri wa Bukumbi, kusini mwa Mwanza. Mfalme aliyekuwa na maelfu ya wapiga kasia sasa anakula chakula cha wenyeji wake, anasubiri barua, anahesabu nani kati ya waliomkimbia anaweza kurudi upande wake. Ukitaka kujua mfalme wako ni mtu wa namna gani, mwandikie sura ya ukimbizini. Nani aliyefuatana naye, alibeba kitu gani kimoja, na nani alimwita kwa jina bila cheo mara ya kwanza. Majeshi yanaweza kusubiri.

Kalenda ya watu wasio na kalenda

Tarehe kamili kama "mwaka wa 214 wa enzi ya Wasenda" zibaki kwenye daftari lako. Watu ndani ya hadithi wakumbuke kwa matukio. Kuna kisa kinachosimuliwa Ankole na Bunyoro, falme za magharibi mwa Uganda, cha jua kugeuka giza pale Biharwe, jeshi la Bunyoro likashikwa na hofu na kuacha ng'ombe liliowateka. Wanahistoria kadhaa wamelihusisha tukio hilo na kupatwa kwa jua kwa tarehe 17 Aprili 1520. Tukio moja la angani, linalosimuliwa na pande mbili kila moja kwa fahari yake au aibu yake, linafunga kalenda za falme mbili kwa fundo moja. Weka matukio mawili au matatu ya aina hiyo kwenye nasaba nzima, yasizidi.

Maji nayo yanahesabu miaka. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda kwa zaidi ya mita mbili, na wazee wa pwani wanaweza kukuonyesha kwa kidole pale palipokuwa na shamba. Kwenye Nyarusenda niliyapandisha maji enzi ya mfalme wa tisa yakafunika mawe matatu ya makaburi. Tangu hapo kuna maneno ya wafalme yaliyo chini ya maji, na watu wanaodai kuwa babu zao waliyasikia kabla ya mafuriko.

Kisha kuna mwezi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, mitumbwi inapandishwa, watu wanashona nyavu na Mwaloni panapoa. Wakati huo ndio mimi napata muda wa kuandika. Katika Nyarusenda nimelifanya jambo hilo kuwa sheria ya nchi: vita, harusi na mabaraza yote hufanyika kwenye mbalamwezi, kwa kuwa ndipo wanaume wako nchi kavu. Mfalme anayeita jeshi usiku wa giza anawanyima watu chakula, na wanalikumbuka hilo muda mrefu kuliko ushindi wake. Tafuta mapigo ya namna hiyo ya mahali pako mwenyewe, hata kama ni msimu wa pamba au siku za gulio, uyafunge kwenye siasa za ufalme.

Andika kisa kimoja kwa midomo mitatu

Sasa ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote, na ndiyo inayotofautisha orodha ya wafalme na historia.

Historia inaandikwa na mtu, na mtu huyo ana kiti chake mahali fulani. Kitabu mashuhuri cha wafalme wa Buganda kilichotoka mwaka 1901 kiliandikwa na Apolo Kaggwa, naye alikuwa Katikkiro, mkuu wa serikali, aliyesimama upande ulioshinda katika vita vya dini vya nchi ile. Kilihifadhi mambo ambayo bila yeye yangepotea. Pia ni kitabu cha mtu wa ikulu. Huku kwetu, mapokeo ya Ukerewe yanasema ukoo wa watawala wa Wasilanga ulitoka Ihangiro, ng'ambo ya magharibi, ukiongozwa na Katobaha. Ukitunga nasaba inayotoka ng'ambo, kumbuka kulikuwa na watu waliosimama ufukweni wakiangalia mitumbwi inakuja. Na wao wana simulizi yao.

Kwa hiyo chagua tukio moja kubwa, liandike mara tatu: kwa mdomo wa boma, kwa mdomo wa nyumba ya kina mama, kwa mdomo wa mwalo, yaani ufukwe wanakoshushia samaki. Nakuonyesha langu kama lilivyo kwenye daftari. Mfalme wa sita, Lubasha, alizama ziwani na mwili haukuonekana. Bila mwili hakuna kaburi, bila kaburi hakuna jiwe, bila jiwe sheria nzima imekwama.

Boma linasema: "Nyakeru, dada wa mfalme, alichimba kaburi akaweka ndani yake kiti cha kaka yake. Jiwe likakubali kiti badala ya mwili. Likanena: Mpeni mtoto wa dada. Nyakeru akashika kiti miaka kumi na minne hadi mwanawe Igundo alipokua."

Nyumba ya mjane wa Lubasha inasema: "Jiwe halikusema kitu. Tulikesha pale, tulikuwa wanawake saba, hatukusikia hata mchanga ukianguka. Alfajiri msikizi alitoka akiwa amevaa joho jipya."

Watu wa mwalo wa Itira wanasema: "Mwili tuliupata sisi. Usiku wa giza, taa ikamulika mkono. Tukamzika mchangani palepale, wakaja watu wa Nyakeru kabla ya jua. Tangu siku ile mtumbwi wa Itira haulipi ushuru."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo deni. Nililiandika ukurasa wa kulia wa Nyakeru: Itira hawalipi ushuru wa mitumbwi. Halafu nikaliacha. Vizazi viwili baadaye anakuja mjukuu wake, Kahinzo wa Tatu, kijana mwaminifu, mchapakazi, ghala limekauka. Anafungua hesabu za mialo yote, anaona Itira hawajawahi kulipa. Anauliza kwa nini. Wazee wanatazamana. Anayejua hawezi kujibu, kwa sababu jibu linasema kwamba mwili wa Lubasha ulikuwepo, kwamba jiwe lililomchagua baba yake halikuwa na mtu chini yake, na kwamba yeye mwenyewe amekaa mahali pasipo pake. Anatuma watoza ushuru Itira kwa nia njema kabisa. Vita vya Ushuru wa Mitumbwi vikaanza hivyo, na riwaya yangu ya kwanza inaanzia asubuhi ile watoza ushuru wanapofunga mtumbwi wao kwenye gati.

Kuamua kisa kipi kati ya vitatu ni cha kweli ni lazima, hata kama msomaji hataambiwa. Usipoamua, wahusika wako wataanza kujua mambo wasiyopaswa kuyajua. Ukweli naandika kwa kalamu nyekundu, na mimi naamini watu wa Itira.

Vitu vyenye wasifu wao

Kama uko Mwanza au unapita, nenda Bujora, Kisesa, barabara ya Musoma. Makumbusho yale yalianzishwa na Padri David Clement, na kuna jengo la watemi lenye umbo la kiti cha enzi, ndani yake kuna ngoma na vifaa vya utawala. Usiende kupiga picha ukaondoka. Simama mbele ya ngoma moja uitungie maswali: nani alikuwa na ruhusa ya kuigusa, ilifichwa wapi wakati wa vita, ngozi ilibadilishwa lini na nani alilipia ng'ombe. Majibu utayatunga mwenyewe kwa ajili ya ufalme wako. Kifaa kimoja chenye safari yake kupitia wafalme wanne kina faida kuliko hazina nzima iliyotajwa kwa orodha. Kwangu ni kasia la Kahinzo wa Kwanza, ambalo kila mfalme alilikata kidogo kutengeneza hirizi ya mtoto wake, na sasa limebaki urefu wa kiganja. Wamebaki watoto wangapi wa kuligawia? Hilo nalo ni gomvi.

Majina, sasa

Usichukue jina la mtemi, Kabaka au Mukama (mfalme wa Bunyoro) wa kweli, wala la ukoo ulio hai. Wajukuu zao wapo, tunapanda nao daladala. Chagua sauti chache uzirudie ili majina yaonekane ya nyumba moja. Kwangu wanawake wa kifalme huanza na Nya. Jina la babu lirudi kwa mjukuu, kama tufanyavyo sisi. "Wa Tatu" ni ya waandishi wa boma. Watu wa mwalo humwita Kahinzo wa Tatu "Kahinzo Mhesabu", na ukiwa na majina hayo ya mitaani msomaji hachanganyi watu. Inatosha kuhusu majina.

Mwisho wa ukoo na kiasi cha kumwambia msomaji

Amua nasaba inakwisha vipi kabla hujaandika sura ya kwanza, hata kama mwisho huo hautafika kwenye kitabu. Moto na upanga ni njia moja. Huku Tanganyika mamlaka ya watemi yaliondolewa kwa sheria, mwaka 1963, na watu wakaendelea kuishi: mwenye ngoma akabaki na ngoma, watu wakaendelea kumsalimia kwa heshima, kesi wakapeleka mahakamani. Mwisho wa aina hiyo una mambo mengi ya kuandika. Mjukuu wa mfalme anayeomba kazi kwa mtu ambaye babu yake alibeba kiti, wote wawili wanajua, hakuna anayelitaja.

Daftari langu la Wasenda limejaa, na kinachoingia kwenye riwaya ni kidogo sana. Kanuni yangu ni kwamba jambo la kale linatajwa pale tu mhusika aliye hai anapolidai, analilipa au analikana. Kahinzo hamsimulii mtu yeyote habari za Nyakeru. Anauliza kwa nini Itira hawalipi, mzee mmoja anaomba ruhusa atoke nje akanywe maji, na harudi. Msomaji anajua kuna kitu. Sura tatu mbele mjane mkongwe anataja joho jipya la msikizi, bila kueleza. Nyuma ya mstari huo una kurasa nne za daftari, na zote zibaki humo.

Ukimaliza rasimu, mpe mtu asiyeijua nasaba yako asome, kisha muulize jambo moja: nani anastahili kiti? Akitaja jina moja bila kusita, rudi kwenye ukurasa wa urithi umwongezee hoja yule wa pili. Mpe mtu wa pili asome, umuulize vilevile, na waache wale wawili wabishane mbele yako huku umeshika kalamu.